Daktari Anajibu: Maudhi ya Testosteroni kwa Waliokaa Nayo Muda Mrefu

Barua nilizozijibu mwezi huu zimetoka Malindi na Lamu, na zote zinahusu tiba ya kuongezewa testosteroni, homoni ya kiume ambayo kwa baadhi ya wanaume hupungua mwilini kiasi cha kuhitaji dawa. Majina nimeyaondoa na baadhi ya barua nimezifupisha. Ninaanza na ya mwalimu mstaafu, na nimekaa nayo zaidi kwa sababu mengi wanayolalamikia wengine yamo ndani yake.

SWALI: Asalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 58, ninakaa Barani, Malindi. Miaka minne iliyopita nilipimwa asubuhi mara mbili, nikaambiwa testosteroni yangu iko chini, na tangu hapo ninadungwa sindano ya testosteroni enanthati, miligramu 250 kila baada ya wiki tatu. Mwaka wa kwanza nilijiona nimerudi ujanani. Siku hizi wiki ya kwanza baada ya sindano ninakuwa mwepesi wa hasira, uso unawaka moto, kichwa kinagonga na usingizi ni wa kukatika. Wiki ya tatu siwezi kufika sokoni bila kukaa njiani, na mambo ya chumbani ninayasahau kabisa. Nilipopimwa siku mbili baada ya sindano niliambiwa homoni imepita kiasi, 1,250, dozi ikapunguzwa. Mara nyingine nikapimwa siku moja kabla ya sindano, ikawa 190, nikaambiwa imepungua mno, dozi ikarudishwa. Ramadhani iliyopita nilitolewa damu alasiri, nikaambiwa imekuwa nzito, asilimia 56. Mmoja ananishauri nichangie damu kila miezi mitatu, mwengine nimeze aspirini kila siku, na wa tatu ananiuzia vidonge vya kuzuia estrojeni, homoni ya kike. Nifuate la nani?

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Kabla hujafuata la yeyote kati ya hao watatu, chukua kalenda uandike tarehe za sindano zako za mwaka huu, kisha chini yake uandike tarehe za vipimo. Utaona kwamba majibu yako mawili ya homoni hayapingani hata kidogo. Sindano ya enanthati ni homoni iliyochanganywa na mafuta; hukaa ndani ya msuli ikitoka kidogo kidogo, hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha iliyobaki hupungua kwa nusu kila baada ya siku nne au tano hivi. Ukifika siku ya ishirini na moja, nusu imeshakatwa mara nne au zaidi, na kilichobaki hakitoshi kitu. Kipimo cha 1,250 kilichukuliwa wakati wa bamvua na kile cha 190 wakati wa maji mafu, na bahari ni ileile. Kila mara dozi ilipobadilishwa kwa kufuata mojawapo ya namba hizo, ilibadilishwa kwa kutazama nusu ya habari.

Kwa sindano ya aina yako, damu ya kupima homoni hutolewa katikati ya sindano mbili. Ikiwa unadungwa kila baada ya wiki mbili, unapimwa siku ya saba. Kinachotafutwa ni kiwango cha katikati, takriban nanogramu 350 hadi 600 kwa desilita. Kiwango cha kijana wa miaka ishirini si shabaha ya tiba hii, ingawa ninajua wako wanaokiuza kwa jina hilo. Mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani unataja miligramu 75 hadi 100 kila wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili. Gawanya 250 yako kwa wiki tatu, utapata kama miligramu 83 kwa wiki. Kwa hesabu hiyo dozi yako haijazidi. Kinachokutesa ni kupewa yote kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana hasira, joto la uso na kichwa kugonga vinakuja wiki ya kwanza, na uchovu unakuja wiki ya tatu. Mgonjwa wa namna yako mara nyingi hutulia akigawiwa dozi ileile, au pungufu kidogo, kwa wiki moja moja, bila kuongezewa kidonge chochote.

Lakini hayo yatangoja, kwa sababu jambo la haraka katika barua yako ni ile asilimia 56. Kipimo hicho, hematokriti, kinaeleza ni sehemu gani ya damu iliyojazwa na chembe nyekundu. Testosteroni huyasukuma mafigo yatoe zaidi homoni inayoamrisha uboho kutengeneza chembe hizo, na wakati huohuo hufungua akiba ya madini ya chuma ili utengenezaji uende mbio. Ni dhara linaloonekana mara nyingi kuliko mengine yote katika tiba hii, na kwa sindano huonekana zaidi kuliko kwa jeli. Mwongozo niliokutajia unasema hematokriti ikipita asilimia 54 dawa isimamishwe mpaka ishuke. Kwa hiyo sindano inayofuata usikubali kudungwa kabla hujarudia kipimo na kuonana na daktari wako.

Nimesema urudie kwa sababu ulitolewa damu alasiri ukiwa umefunga, katika joto la Malindi, pengine bila tone la maji tangu daku. Mwili ukikauka, maji ya damu hupungua na chembe huonekana nyingi kuliko zilivyo. Rudi maabara asubuhi ya siku usiyofunga, ukiwa umekunywa maji yako ya kawaida tangu jana yake. Inawezekana namba ikashuka kidogo, ila sitegemei kwamba ukavu peke yake ndio uliokufikisha 56. (Kama sindano ya msuli inabatilisha saumu, hilo ninamwachia sheikh wako, mimi ninazungumzia maji tu.) Na usitarajie mabadiliko ya wiki moja, kwa kuwa chembe nyekundu huishi kama siku 120, na damu iliyonenepa kwa miaka hurudi polepole kwa miezi. Katika kipindi hicho, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Mwulize pia mama watoto kama unakoroma, na kama kuna wakati pumzi inakatika usingizini kisha unashtuka kwa mkoromo mkubwa. Usingizi wa kukatika ulioueleza unanitia shaka. Koo linaloziba usiku huunyima mwili hewa, nao mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu zaidi, na testosteroni inaweza kuuzidisha ugonjwa huo. Sigara na shisha hufanya vivyo hivyo kwa damu. Nimeona watu wakipunguziwa dozi mara kwa mara huku chanzo kikubwa kinakoroma chumbani kila usiku.

Sasa washauri wako watatu. Kutoa damu kwa amri ya daktari kunaweza kuwa na nafasi yake pale hematokriti inapokuwa juu sana, lakini ukilifanya kuwa desturi ili uendelee na dozi ileile, uboho utaendelea kutengeneza na wewe utaendelea kumwaga, mpaka akiba yako ya chuma iishe. Hapo uchovu wako wa wiki ya tatu utakuwa na sababu mbili badala ya moja. Ukienda kuchangia damu, ni wajibu kuwaambia kwamba unatumia testosteroni. Aspirini haipunguzi hata chembe moja nyekundu, na kwa mtu ambaye hajaandikiwa na daktari kwa sababu ya moyo, inaweza kumtia vidonda vya tumbo na kumtoa damu. Vidonge vya kuzuia estrojeni nimevieleza katika barua inayofuata. Muuzaji wako arudishiwe.

Jambo la mwisho, Mwalimu. Hukuniambia kwa nini testosteroni yako ilipungua. Miaka minne ya dawa bila kujua sababu ni mingi. Sababu inaweza kuwa kwenye korodani zenyewe, au kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, au unene, kisukari kisichotulia, au dawa kali za maumivu zilizotumiwa muda mrefu. Ukiwa bado kwenye sindano ni vigumu kulitambua hilo, maana homoni za pituitari zinazopimwa huzimwa na dawa yenyewe. Zitafute karatasi za vipimo vya awali, vya kabla ya sindano ya kwanza, uende nazo kwa daktari bingwa wa homoni, ambao wengi wao wako Mombasa na Nairobi. Na kila unapokwenda kliniki upimwe presha, kwa sababu nayo inaweza kupanda.

SWALI: Daktari, mimi ni dereva wa watalii, Malindi, nina miaka 41 na mwili wangu ni mkubwa. Baada ya mwaka mmoja wa sindano za testosteroni, ziwa la kulia lilianza kuwasha na kuuma nyuma ya chuchu, likatoka kibonge kidogo. Niliuziwa anastrozoli nimeze kila siku. Maumivu ya ziwa yamepungua, lakini viungo vinaniuma kama mzee na hamu ya mke wangu imekwisha kabisa, ilhali homoni nikipimwa iko sawa. Niongeze sindano?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Sehemu ya testosteroni unayodungwa hugeuzwa kuwa estrojeni, na kiwanda kikubwa cha kazi hiyo ni mafuta ya mwili. Mwenye mwili mkubwa hugeuza zaidi, na dozi ya mkupuo humpa kiwanda malighafi nyingi kwa wakati mmoja. Estrojeni ikizidi, ziwa hujaa na kuuma. Anastrozoli huzuia ugeuzaji huo, na ukiimeza kila siku inaweza kuzuia kupita kiasi. Mwanamume anahitaji estrojeni kidogo kwa ajili ya mifupa, viungo na hamu yenyewe ya tendo la ndoa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanaume waliopewa testosteroni huku estrojeni yao ikizimwa kwa dawa hiihii walipungukiwa hamu na wakaongeza mafuta mwilini, ingawa testosteroni walikuwa nayo. Kilichokupata kinafanana sana na hicho.

Zungumza na daktari wako juu ya kuiacha anastrozoli, na juu ya kupunguza na kuigawa dozi ya sindano kama nilivyomweleza Mwalimu. Kibonge kichanga kinachouma mara nyingi hunywea dozi ikirekebishwa, na kisiponywea kuna dawa ya tamoksifeni ambayo daktari anaweza kukuandikia kwa muda mfupi. Usikiache kikae, kwa sababu kikipita kama mwaka hugeuka nyama ngumu isiyosikia dawa, na hapo kinachobaki ni upasuaji. Mtajie dawa nyingine zote unazotumia. Spironolaktoni ya presha na efavirenzi ya virusi vya ukimwi, kwa mfano, nazo hujaza maziwa ya mwanamume. Na kwa kuwa ni ziwa moja tu, daktari alipapase kwa mkono wake mwenyewe. Kibonge kigumu kama jiwe, kisichouma, kilichoshika ngozi au kinachotoa damu kwenye chuchu ni habari nyingine na hakingojwi, kwani saratani ya ziwa huwapata wanaume pia, japo kwa uchache.

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Ninaandika kutoka Shela, Lamu. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa tezi ya pituitari, na tangu hapo hujipaka jeli ya testosteroni mabegani kila siku baada ya sala ya alfajiri. Akimaliza hukaa barazani na kikoi chake, kifua wazi, na mtoto wetu wa kiume wa miaka mitatu humlalia begani mpaka jua litoke. Sasa mtoto ameota nywele sehemu za siri, jasho lake linanuka kama la mtu mzima, na amerefuka kuliko wenziwe wote wa chuoni. Mimi mwenyewe ninatoka chunusi na vindevu, na nina mimba ya miezi mitatu. Bi mkubwa anasema mtoto ameguswa na kitu. Ninaogopa.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Ameguswa kweli, na kinachomgusa kimo begani mwa baba yake. Jeli hiyo imetengenezwa ipite kwenye ngozi, nayo haichagui ngozi ya nani. Jambo hili linajulikana vizuri, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza jeli hizi zibandikwe onyo kali kwa sababu ya watoto waliopata dalili kama za mwanao.

Kuanzia leo mtoto asiguse ngozi iliyopakwa. Mume wako ajipake peke yake, anawe mikono kwa sabuni papo hapo, aiache jeli ikauke kwa dakika kadhaa, kisha avae fulana yenye mikono; kikoi na kifua wazi vingoje mpaka aoge. Akitaka kumbeba mtoto au kulala nawe, kwanza aoshe mabega kwa sabuni. Fulana hiyo na mashuka yafuliwe mbali na nguo za mtoto. Asiingie baharini wala kuoga kabla ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya dawa yake, ambao kwa jeli nyingi ni kati ya saa mbili na sita baada ya kujipaka, la sivyo dozi yenyewe itakwenda na maji. Lakini asiiache tiba kwa hofu. Mtu aliyeondolewa uvimbe wa pituitari anaihitaji.

Mtoto apelekwe hospitali wiki hii hii, hata kama mmeshalifunga bomba hilo. Daktari atampima homoni na kumpiga picha ya mifupa ya mkono kuona kama imekomaa kabla ya umri wake, na ni lazima pia atazame korodani na tezi za juu ya mafigo, kwa kuwa ziko sababu nyingine zinazoleta dalili hizo na tusije tukaisingizia jeli pekee. Ikiwa chanzo ni jeli, mengi hurudi nyuma mgusano ukikoma, ingawa ukubwa wa sehemu za siri na umri wa mifupa huenda visirudi vyote. Nawe uwaeleze wauguzi wa kliniki ya wajawazito, bila haya, maana homoni hii ikimfikia mtoto wa kike aliye tumboni inaweza kuathiri maumbile yake. Mimi ningekuwa daktari wa mume wako, ningembadilishia sindano mpaka mtoto huyo na anayekuja wakue.

Kwa wengine wanaotumia jeli, kuna kosa la maabara linalowasumbua bila wao kujua. Mkono uliopakwa jeli ukichomwa sindano ya kutoa damu, masalia ya jeli kwenye ngozi yanaweza kuingia kwenye damu iliyotolewa, na majibu yakatoka makubwa ajabu. Siku ya kipimo damu itolewe mahali pasipopakwa.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni, nina miaka 29. Nilianza kudungwa testosteroni na rafiki wa jimu ili nipate kifua, miaka miwili sasa. Nimeoa mwaka wa pili, mke hashiki mimba, na ninaona korodani zimenywea. Ninaambiwa homoni ya kiume haiwezi kumfanya mtu tasa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inaweza, na inajulikana tangu zamani. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni enanthati, miligramu 200 kila wiki, kama dawa ya mpango wa uzazi kwa wanaume wazima wenye afya. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wengi wao walikuwa wameishiwa kabisa na mbegu ndani ya miezi sita. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Korodani zisizo na kazi hunywea, na mbegu huhitaji homoni nyingi iliyotengenezwa humohumo ndani, ambayo sindano ya tako haiwezi kuifikisha.

Wewe hukuwa na upungufu wowote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuendelea. Ila ujue mapema kwamba ukiacha utapitia miezi ya uchovu, moyo mzito na hamu kupotea mpaka ubongo uanze tena kuamrisha, na hapo ndipo vijana wengi hushindwa wakarudi kwenye sindano. Usipite njia hiyo peke yako. Daktari akupime mbegu na homoni sasa, kisha tena kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa na kupima kila wiki ni kutupa pesa. Wengi hurudi ndani ya mwaka, wengine huchukua hadi miwili. Ziko dawa za kuziamsha korodani, klomifeni mojawapo, lakini zinatolewa na daktari bingwa baada ya vipimo. Mkeo naye achunguzwe wakati huohuo. Isije ikawa mnangoja upande mmoja kumbe na wa pili una jambo.

Halafu nieleze, ile chupa mliyokuwa mkidungana ilikuwa ya watu wangapi, na sindano ilikuwa mpya kila mara? Hukuandika, na ninafikiri unajua kwa nini ninauliza. Pima virusi vya ukimwi na homa ya ini ya aina B na C.

SWALI: Ninatoka kisiwa cha Pate. Kila baada ya wiki kumi na mbili ninavuka kwenda kudungwa testosteroni undekanoati, ile sindano kubwa. Mara ya mwisho, kabla hata sijatoka mlangoni, nilishikwa na kikohozi kikali, kifua kikabana, jasho likanitoka. Baada ya dakika chache kikapoa. Je, ni mzio?

JIBU: Inaweza kuwa mzio, lakini ulivyoeleza inaelekea zaidi kuwa ni matone ya mafuta. Sindano hiyo ni mililita 4 za dawa ndani ya mafuta ya mbarika, na kiasi kidogo kikiingia kwenye mshipa wa damu hufika kwenye mapafu mara moja na kuchokoza kikohozi cha namna hiyo. Mwambie muuguzi yaliyokupata kabla hajavuta dawa safari ijayo. Aidunge taratibu sana, kwa muda wa dakika mbili hivi, ndani kabisa ya msuli wa tako, nawe ukae hapohapo kwa nusu saa ukitazamwa, hata kama mashua inakaribia kuondoka. Ukivimba midomo au kutoka vipele mwilini, huo ni mzio na dawa hiyo hutaitumia tena. Kwa sindano yako, damu ya kupima homoni hutolewa mwisho wa muda, kabla tu ya sindano inayofuata, kwa hiyo vyote viwili unaweza kuvimaliza kwa safari moja.

SWALI: Nina miaka 66, ninakaa Langoni, Lamu, na ninatumia testosteroni mwaka wa tatu. Kaka yangu alifariki kwa saratani ya tezi dume. Pia nimesikia dawa hii inaua moyo. Kipimo changu cha PSA, kile cha damu cha kuchunguza tezi dume, mwaka jana kilikuwa 1.1, sasa ni 2.9, nami ninaambiwa bado ni kawaida kwa kuwa hakijafika 4.

JIBU: Mzee wangu, usitosheke na jibu hilo. Kwa anayetumia testosteroni tunatazama namba ilipofika na pia ilivyopanda, na kupanda kwa zaidi ya 1.4 ndani ya miezi kumi na miwili kunatosha kumpeleka mtu kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo. Wewe umepanda 1.8. Kaka yako kuugua kunaongeza uzito, na wanaume wenye asili ya Kiafrika ugonjwa huu huwapata zaidi. Kwanza kipimo kirudiwe kwa uhakika, baada ya kuthibitisha kwamba huna maambukizi ya mkojo, kwa sababu nayo huipandisha PSA. Sindano isimame mpaka uchunguzi ukamilike.

Kuhusu moyo, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wenye ugonjwa wa moyo au walio katika hatari ya kuupata, haukuona mshtuko wa moyo wala kiharusi vikiongezeka kwa waliotumia jeli ya testosteroni kuliko waliopewa jeli tupu. Uliona, hata hivyo, ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda kwenye mapafu, na mafigo kudhurika ghafla. Hao walikuwa watu waliothibitishwa upungufu wao na kupimwa mara kwa mara, kwa hiyo matokeo hayo usiyachukue kama ruhusa kwa anayejidunga bila vipimo.

Na ikiwa unatumia finasteridi kwa ajili ya mkojo unaosuasua, kama watumiavyo wazee wengi wa umri wako, mwambie daktari huyo kabla hajaisoma karatasi yako. Ukiitumia zaidi ya miezi sita, dawa hiyo hushusha PSA karibu nusu, na 2.9 yako ingehesabiwa kama 5.8.